Nafasi ya Magoti

Jumamosi, mjini Tartu, theluji imegeuka tope.
Tulipanda ghorofa ya pili, upande wa watoto,
mimi na tumbo langu la wiki thelathini na nne,
Urmas na magurudumu yake
yakiacha mistari miwili ya maji sakafuni.

Muuzaji jina lake Kertu, lilikuwa kifuani.
Akatuonyesha meza ya kubadilishia nepi, nyeupe pepepe,
droo tatu, pembe za mviringo,
godoro la plastiki lenye sungura
ambao hawajawahi kukasirika.
"Hii haichoshi mgongo," alisema, akinitazama mimi.
"Kimo chake kimepimwa na wataalamu."

Kimo cha nani, sikuuliza.
Urmas alisogea hadi droo zikamgonga magotini,
akanyoosha mikono kama mtu anayeosha paa la gari,
vidole vikaishia kwenye masikio ya sungura.

Ya pili ilikuwa ya msonobari, yenye rafu
za taulo, rafu za nepi, rafu za mafuta,
mahali pa kila kitu
ila magoti.

Ya tatu hukunjwa ukutani. Kertu aliifunua,
ikamfikia Urmas kidevuni.
"Hapa naweza kunyolewa," akasema,
tukacheka wote watatu,
Kertu akachelewa kidogo.

Msinielewe vibaya. Hatukuingia pale na huzuni.
Miaka sita naishi na mtu anayeijua dunia kwa kukaa;
najua mkahawa upi una kizingiti,
na rafiki yupi husema "karibuni"
akasahau ngazi zake.
Ila siku ile nilipiga hesabu:
nepi nane kwa siku, miaka miwili na ushei,
na zote, kwa hesabu ya duka lile, zangu.

Hasira ya mjamzito, wanasema, ni homoni.
Basi homoni zangu zilishika futi ya kupimia.

Garini Urmas alimpigia mama yake, kule Võru.
Helve alisema yeye watoto wake watatu
aliwabadilisha juu ya mashine ya kufulia,
ikizunguka wanalala, ikisimama wanalia.
Kisha akanyamaza. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe.
"Mwanangu," akauliza,
"miguu yako hupita chini ya nini?"

Swali hilo, dukani,
halikuwa na bei.

Jumapili alikuja na meza yake ya cherehani
kwenye tela la binamu Ott, imefunikwa blanketi la farasi.
Cherehani yenyewe alikuwa ameing'oa.
Urmas alilala chini, akafungua kanyagio kwa spana,
akatukana kwa lugha mbili,
akarudi kitini, akasukuma magurudumu:
magoti yakaingia. Yakaingia yote.
Pale palipokuwa na shimo tukapigilia ubao,
na Helve akashona ukingo wa kuzunguka
kutoka koti la marehemu mumewe, zito, la kijivu,
linalonuka nondo na tumbaku.

Kwangu mimi ni fupi. Nikisimama, naitwa na kiuno.
Basi nitakaa. Kuna kigoda jikoni.

Usiku tulijaribu kwa kabichi ya kilo tatu.
Urmas aliivisha nepi nyuma mbele,
akaivua, akaivisha tena, akaishika shingo
ambayo kabichi haina.
"Mgeni njoo," nikasema. Akasema, "Bado, bado,
ngoja nijue huu mkanda unafungwa wapi."

Droo ndogo ya ubavuni tumeiacha ilivyo,
na vifungo vyake, na chaki, na uzi mwekundu.
Sindano tumezitafuta kwa tochi, kwa sumaku,
kwa viganja vitupu.
Tumepata mbili.
Helve anasema zilikuwa tatu.